Mama Yake Thankful Hakuandikwa Jina

Jumamosi, mwezi wa nne. Nje ni matope matupu.

Theluji ya mwisho imeyeyuka wiki hii na kuacha wazi uchafu wote iliokuwa imeufunika tangu Novemba: glavu za watoto, makopo, majani yaliyooza. Jua limetoka lakini halina nguvu. Nimevua viatu vya visigino mlangoni na sijavirudisha mahali pake. Erik, mume wangu, anatazama mpira sebuleni na sauti ameipunguza, maana ameiona sura yangu nilipoingia. Naomi, binti yetu, yuko chumbani kwake. Mimi niko jikoni na kikombe cha chai, na sijui nianzie wapi.

Nianze na lililotokea, halafu nirudi nyuma.

Leo mchana, katika ukumbi wa hoteli kule Bloomington, hapa hapa Minesota, mbele ya akina mama waliovaa vizuri na kukaa wima kwenye viti vyao, mama mkwe wangu alisimama akasema kwamba bibi wa kale wa ukoo wao hakuwa binti wa mchungaji. Alikuwa mtoto wa mwanamke asiye na kwao, aliyefukuzwa mjini akiwa na mimba kubwa, na jina la mwanamke huyo hakuna aliyejali kuliandika. Helen, dada yake, aliinuka kabla keki haijaletwa, akachukua mkoba wake, akatoka.

Mimi nilibaki na uma mkononi, moyo unanidunda kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

Mama mkwe wangu anaitwa Judith. Huku mtu humwita mkwewe kwa jina lake tu, kama rafiki wa shule. Nimeolewa hapa miaka mingi sasa na bado ulimi wangu unakataa. Namwita Mama Judith. Mwanzoni alicheka, baadaye akazoea, na siku hizi nikiiruka hiyo "Mama" ananitazama kama mtu aliyekosewa.

Anaishi Maple Grove, peke yake tangu baba mkwe alipofariki. Macho yamemgeuka. Anasema katikati ya kila anachokitazama kuna doa, kama vile mtu ameweka kidole kwenye kioo. Pembeni anaona, lakini anachokilenga hakioni. Hawezi tena kuendesha gari, na hawezi kusoma maandishi madogo.

Ndivyo nilivyoingia kwenye habari hizi. Siku moja msimu wa majani kuanguka alinipigia simu na kuniuliza, kwa unyenyekevu ambao sikuuzoea kwake, kama ningeweza kumwazima macho yangu Jumamosi. Erik alikuwa ameshajaribu na akasinzia mezani. Mimi kazi yangu ni maabara ya hospitali, kutwa nimeinamia hadubini, kwa hiyo alifikiri kutazama vitu vidogo hakutanichosha. Kweli hakukunichosha. Kilichonichosha mwanzoni ni wivu.

Nauandika wivu huo hapa kwa sababu shajara isiyosema kweli haina kazi. Nilikuwa namsomea majina ya watu waliozaliwa zamani sana, mmoja baada ya mwingine, mama wa huyu, baba wa yule, na ndani yangu kuna kitu kinanung'unika: sisi wetu wako wapi? Nani aliwaandika wa kwetu?

Alichokuwa akikitafuta ni hiki. Kuna chama cha wanawake ambao bibi zao wa kale waliishi Amerika enzi za ukoloni, kabla nchi hii haijawa nchi, naye alitaka kuingia kwa kuthibitisha ukoo wake. Mtu wa kwetu akisikia "enzi za ukoloni" anawaza Mjerumani na Mwingereza, kodi ya kichwa, na viboko. Huku ni kinyume. Wakoloni ndio mababu, na watu huwaonea fahari na kuwatengenezea chama. Wenyeji waliokutwa kwenye ardhi hiyo hawamo kwenye hadithi hata kidogo. Nilitaka kumweleza hayo Mama Judith siku ya kwanza kabisa, nikayameza.

Bibi yao wa enzi hizo aliitwa Thankful, yaani Mwenye Shukrani. Nilidhani ni mzaha, kumbe ndivyo walivyoitana. Katika kumbukumbu za mji wao mdogo kule Massachusetts nilikutana na wanawake ambao majina yao kwa Kiswahili ni Subira, Kimya, Tumaini, na hata Faraja, ambalo ndilo jina langu mimi. Mama Judith alishangaa nilipomwambia. Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza jina langu maana yake nini. Siku ile aliuliza, na tulipokuwa tunarudi nyumbani alilitamka taratibu mara mbili tatu, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

Katika ukoo wao Thankful alijulikana kama binti wa mchungaji wa mji. Helen ndiye mtunza hadithi hiyo. Kila sikukuu wakikusanyika mezani, watoto lazima wasikie: mchungaji aliyevuka bahari na vitabu vyake, aliyehubiri baridini bila moto kanisani, na binti yake mpole Thankful. Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba Naomi anaweza kuisema huku anatafuna.

Mwezi wa kwanza mwaka huu ndipo hadithi hiyo ilipovunjika.

Tulikuwa kwenye maktaba ya mambo ya ukoo, upande wa Saint Paul, mahali tulivu penye harufu ya mazulia ya zamani. Orodha ya ubatizo ya watoto wa mchungaji tulikuwa nayo tayari, na Thankful hakuwemo. Mama Judith alisema labda karani alisahau. Basi nikaanza kupitia kumbukumbu za baraza la mji kwenye kompyuta, nikikuza maandishi na kumsomea kwa sauti ya chini, yeye amefumba macho anasikiliza.

Nilifika mahali nikanyamaza.

"Endelea," akasema.

Ikabidi niseme kwa mdomo wangu. Wakati wa baridi alifika mwanamke asiyejulikana, mjamzito, miezi yake imetimia. Miji ya wakati ule iliogopa kulisha maskini wasio wao, kwa hiyo baraza lilimtuma askari wa mji akamwambie aondoke, avuke mpaka wa mji. Hakuweza kutembea. Akajifungua nyumbani kwa fundi chuma. Theluji ikiwa bado chini, askari akatumwa tena, na safari hii mwanamke akaondolewa. Mtoto hakwenda naye. Baraza lilimkabidhi mtoto huyo kwa mchungaji, alelewe hapo na akikua afanye kazi za nyumba. Wakampa jina la Thankful.

Sijui ni nani aliyechagua jina hilo. Kila wakimwita, walikuwa wakimkumbusha ashukuru.

 Mama Judith alifumbua macho na kutazama pembeni kidogo ya uso wangu, jinsi anavyotazama siku hizi ili anione. Kisha akaomba koti lake.  Nilipomfikisha mlangoni, huku natafuta funguo kwenye mkoba wake, aliniambia neno moja tu: "Usimwambie Helen."

Nitakuwa mkweli tena. Sehemu yangu moja ilifurahi siku ile. Ilifurahi kidogo, kwa muda mfupi, kama mtu anayemwona tajiri amejikwaa. Nilipofika nyumbani na kuvua buti, furaha ile ilikuwa imekwisha na mahali pake pamebaki yule mwanamke, miguu yake kwenye theluji, maziwa yanamjaa kifuani na mtoto hayupo.

Mimi nimezaa hapa, majira ya baridi. Nayajua maumivu ya maziwa.

Nilimsimulia mama yangu. Yuko Lushoto, nyumbani, na huwa tunaongea Jumapili yeye akitoka kanisani. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kuku, nikamwambia kuna jambo tumeligundua kwa upande wa mkwe wake. Nikawa natafuta neno. Kwa Kiingereza walikuwa wameandika neno la mtu asiyejulikana, mpita njia, asiye wa hapo. Nikasema lililonijia.

"Mama, kuna mwanamke mmoja mgeni alifika mji huo wakati wa baridi, ana mimba kubwa."

"Ehee. Mgeni. Wakampa nini?"

"Wakampa nini vipi?"

"Chakula, mwanangu. Mgeni kaja, ana mimba, kuna baridi. Walimpikia nini?"

 Si kwamba mama yangu hajui ubaya wa binadamu. Ameona majirani wakinyimana maji ya bomba, ameona wajane wakitolewa kwenye mashamba ya waume zao. Lakini neno lenyewe lilimpeleka moja kwa moja jikoni. Kwake mgeni akishatajwa, kinachofuata ni sufuria.

"Hawakumpikia, mama. Walimwambia aondoke."

Nikamsikia akivuta kiti na kuketi.

"Na kichanga?"

"Alibaki nao."

"Kwa hiyo alilelewa na waliomfukuza mama yake," akasema, na sauti yake ikashuka. "Haya. Mwambie mama mkwe wako nampa pole."

Pole. Nani anampa mtu pole kwa msiba wa zamani vile? Lakini niliibeba, nikaifikisha. Ilikuwa siku nyingine, tumo jikoni kwa Mama Judith, mimi nakata karoti za supu na yeye anamenya viazi kwa kupapasa. Nikamweleza yote: neno nililotumia, jinsi lilivyo na maana mbili kwa lugha yetu, asiyejulikana na anayepokelewa, na swali aliloliuliza mama. Nikamwambia anakupa pole.

Aliweka kisu chini.

"Lirudie hilo neno."

"Mgeni."

"Mgeni," akajaribu. Halafu akauliza, kama mtoto, "Kwa hiyo mama yako alidhani wamempikia?"

"Ndiyo."

Machozi yalimtoka. Hakuyafuta, aliendelea kumenya, maganda marefu mazito yenye nusu ya kiazi. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mumewe. Watu wa hapa hulia ndani. Nilisimama nikamshika bega, na yeye akaegemeza shavu lake lenye unyevunyevu kwenye mkono wangu.

Tangu hapo hakutaka tena habari za mchungaji. Jumamosi zilizofuata alisema tumtafute yule mgeni, na neno alilitamka kwa Kiswahili, hata mbele ya watu wa maktaba. Tulitafuta kwenye miji ya jirani, mmoja mmoja, macho yananiuma. Mara nyingi hatukupata kitu. Kisha katika mji mmoja ulio mwendo mfupi kutoka ule wa kwanza, tukakuta mwanamke aliyeamriwa kuondoka majira ya kuchipua ya mwaka ule ule. Hana jina. Alipohojiwa, alisema ameacha mtoto mchanga nyuma yake na anataka kurudi kumchukua.

Kama ndiye, hatujui. Wanawake wa namna hiyo walikuwa wengi barabarani. Nilimwambia Mama Judith hivyo, nikamwambia tena, nikiogopa kumpa tumaini la uongo. Alinisikiliza vizuri.

"Najua," akasema. "Lakini kuna mtu alisema maneno hayo. Alikuwa mama wa mtu."

Baada ya hapo ikabaki kumwambia Helen.

Sitaki kumchora Helen vibaya. Ni mwanamke mwenye mkono wazi. Naomi alipougua kifua, alikaa naye siku nzima akimsomea vitabu. Alikuja nyumbani kwa mdogo wake mwezi uliopita, akaketi na koti lake mwilini, akasikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akasema hapana.

"Binamu zetu wote waliingia chamani kwa jina la mchungaji," alisema. "Umeshakubaliwa. Utasimama, utasema maneno mawili ya shukrani, tutakula. Kuna haja gani ya kumwita mtu aliyekufa mtoto wa ombaomba?"

"Chama kinataka bibi aliyeishi enzi hizo," Mama Judith akamjibu. "Thankful aliishi. Anatosha."

"Hatoshi kwangu."

Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama karibu na sinki, nikijifanya naosha kikombe ambacho kilikuwa safi. "Faraja, najua una nia njema. Lakini huyu si bibi yako."

Aliyasema bila kelele, na labda ndiyo maana yaliniingia. Nilijibu, "Ni bibi wa Naomi." Sikuwa nimepanga kujibu. Helen alinitazama, halafu akaaga.

Alipoondoka, Mama Judith alinieleza kitu ambacho Erik mwenyewe hakijui. Baba yao alikuwa mkulima huko kusini mwa jimbo, akapoteza shamba, wakahamia nyumba ya kupanga Saint Paul. Alianza kunywa. Helen ndiye mkubwa, kwa hiyo ndiye aliyekuwa akimfuata baa na kumshika mkono kumrudisha. Siku za Jumapili, akiwa hajalewa, baba aliwaketisha na kuwaambia: nyinyi ni damu ya mchungaji, msimwinamie mtu. Wasichana wawili wenye nguo za kupewa, shuleni wanachekwa, na hilo ndilo lililowainua vichwa.

"Mimi nilikuwa mdogo, nilisahau," alisema. "Helen hakusahau. Yule mchungaji ndiye aliyemvusha."

Nikamwambia basi usiseme. Nilimaanisha. Nilifikiri, aliye hai anaumia kuliko aliyekufa. Acha wale keki yao.

Aliinuka akaenda kuwasha birika.

Na leo asubuhi nilipokwenda kumchukua, bado sikujua ameamua nini. Alikuwa amevaa gauni la buluu na bangili ya mama yake. Naomi aliketi nyuma, na Mama Judith akamwomba amtazame kama rangi ya mdomo imekaa sawa. Tukafika hotelini, tukaketi meza moja na Helen, ambaye alimbusu dada yake shavuni na kuniulizia kazi. Nilidhani wameshapatana.

Wanachama wapya walisimama mmoja mmoja na kusema habari za bibi zao. Mmoja alikuwa na bibi aliyemiliki kinu. Mwingine, bibi aliyewazalisha wanawake wa mji mzima. Makofi, tabasamu, maji ya barafu. Kisha wakamwita Judith.

Hakuwa na karatasi, maana asingeweza kuisoma. Alishika mgongo wa kiti. Alisimulia kwa sauti ile ile anayotumia kueleza njia ya kwenda dukani: mwanamke, baridi, askari, fundi chuma, mtoto. Alisema Thankful alikua, akaolewa na mtengeneza mapipa, akazaa, na kwamba yeye, dada yake na mjukuu wake walioketi meza ile wametoka kwake. Akasema mama yake Thankful alifukuzwa mji mmoja, na huenda alifukuzwa na wa pili.

"Nilipewa nafasi ya kumwacha nje leo," akasema. "Ingekuwa mara ya tatu. Nimeshindwa."

Akaketi.

Ndipo Helen alipotoka. Makofi yalikuja, lakini kwa kuchelewa na bila kupangika. Mwenyekiti alishukuru haraka haraka na kumwita anayefuata. Bibi mmoja mnene wa meza ya jirani aligeuka akamshika Mama Judith mkono, kisha akaendelea na saladi yake. Naomi alikuwa amemkodolea macho bibi yake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Mimi nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na nilitaka mama yangu angekuwepo pale na kitenge chake cha kanisani, asikie kwamba mtu amekumbukwa.

Tulipotoka tulimkuta Helen kwenye maegesho. Hakuwa ameondoka. Alikuwa ameketi ndani ya gari lake, injini inanguruma, mikono kwenye usukani. Mama Judith aliliona gari, au alilihisi, akaniachia mkono na kwenda mwenyewe, polepole, akiipapasa milango ya magari ya watu. Akafungua, akaingia.

Mimi na Naomi tulisubiri kwenye upepo. Kupitia kioo tuliwaona. Mwanzo Helen ndiye aliyekuwa akizungumza, kidole kinakwenda juu na chini. Kisha akaacha. Kisha akainamisha paji la uso kwenye usukani, na Mama Judith akaweka mkono kwenye mgongo wake na kuuacha hapo. Nilimgeuza Naomi tutazame upande mwingine. Kuna mambo ya ndugu wawili ambayo hata mkwe hatakiwi kuyatazama.

Muda ulipita. Hatimaye kioo kilishuka na Helen akaniita. Macho mekundu, wanja umechuruzika.

"Judith anasema wewe ndiye uliyemsoma."

"Ndiyo, Helen."

"Alirudi kumchukua? Yule mtoto?"

"Hatujui," nikamwambia. "Tunajua kuna aliyetaka kurudi."

Aliitikia kwa kichwa, tena na tena. Akavuta pumzi kupitia pua. "Baba angechukia habari hii," akasema. Halafu: "Au labda asingechukia. Labda ingemsaidia." Akapandisha kioo nusu, akakishusha tena. "Nitamrudisha mimi nyumbani. Nyinyi nendeni."

Nikawaona wakitoka, taa ya kugeukia inamulika muda mrefu kabla ya kona, jinsi Helen anavyoendesha siku zote.

Sijui kama wamepatana. Jioni hii nimempigia Mama Judith akasema Helen bado yuko pale, wamekaanga mayai, na kwamba anataka kuja maktaba nasi wiki ijayo kuhakikisha sijasoma vibaya. Alicheka aliposema hivyo. Nami nimefurahi. Macho mengine mawili hayatatudhuru.

Lakini kilichonikalisha hapa si hao wawili.

Tukiwa njiani kurudi, Naomi aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, iwapo mtu atanitafuta mimi miaka mingi ijayo, atakuta nini. Nikaanza kumjibu kwa haraka ya mama anayeendesha gari: atakuta hati ya ndoa, leseni ya kazi, anwani. Nikasikia nilivyosikika. Hayo ndiyo anayoyajua karani. Hata yule mgeni, karani alimjua kiasi hicho: alifika lini, ana mimba, aondoke.

Nilifika Minesota mwezi wa kwanza, bibi harusi, na kijaketi chepesi nilichonunua Kariakoo nikidhani ni cha baridi. Uwanja wa ndege ulikuwa na joto, lakini milango ya kioo ilipofunguka hewa ile ilinipiga kifuani nikashindwa kuvuta pumzi. Kulikuwa na mwanamke mrefu mwenye mvi amesimama kando ya Erik, amebeba koti zito la kahawia mkononi. Hakunisalimu kwanza. Alinivisha, akanifunga vifungo vyote mpaka kidevuni kama mtoto, akainua kola. Ndipo akaniambia jina lake.

Sijawahi kumsimulia Naomi hilo. Sijawahi kumsimulia mama yangu, ambaye angejua mara moja linamaanisha nini. Nimeishi hapa miaka yote hii nikihesabu mapungufu ya mama mkwe wangu, maneno machache, sahani zilizopangwa sana, na koti lile nililiacha lisahaulike kabatini mwa akili yangu.

Kesho ni Jumapili. Tukitoka ibadani nitamketisha Naomi, nitaongea Kiswahili na yeye ajibu atakavyo, na nitamwambia nilivyofika, na nani alinipokea. Halafu nitarudi nyuma mpaka Lushoto, kwa mama, kwa bibi mzaa mama. Huyo bibi namjua kwa jina moja tu, na sina hakika kama ni jina lake au ndivyo tulivyozoea kumwita sisi watoto.

Nitampigia mama usiku huu huu, kabla hajakwenda kanisani, nimuulize. Huko kutakuwa kumeshapambazuka.